Kutoka Mariakani hadi Kariokor: siku tano za kutafuta jina moja

Tumerudi wiki mbili sasa, na ndiyo kwanza nimepata nafasi ya kukaa na daftari langu, risiti zilizokunjika mfukoni na picha 140 za simu. Nusu ya picha hizo ni Mjomba amesimama wima kama anayepigwa ya kitambulisho.

Kwanza sababu ya safari. Baba wa babu yangu alichukuliwa kuwabebea Waingereza mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918. Vitabuni vinaitwa Vita Kuu ya Kwanza. Kwetu vinaitwa vita vya Kariakoo. Aliondoka babu yangu akiwa bado ananyonya, na hakurudi. Mtu wa Kaloleni (Kaloleni yetu ya Kilifi, nisije nikawachanganya mbele) aliyebahatika kurudi alisema alimwacha Kilwa akiharisha damu. Habari ikaishia hapo. Nyuma ya nyumba ya zamani kuna koma yake, kijiti cha mti kinachofika goti, kimefungwa kitambaa. Chini yake hamna mtu.

Mjomba ana miaka 76. Ni mtoto wa kwanza wa kiume, na kwa desturi yetu akapewa jina la babu yake, huyo huyo wa Kilwa. Jina lenyewe silitaji hapa kwa sababu amenikataza: "Hilo ni langu na la marehemu, si la simu." Mwezi wa Oktoba aliniambia anataka kwenda Nairobi kabla macho hayajamwisha, aone kama wazungu waliliandika mahali.

Siku ya 1, Jumatano 19 Novemba: Mariakani hadi Nairobi

Treni ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani hutoka Mombasa saa mbili kamili na Mariakani haikawii kufika. Nauli ya Mombasa hadi Nairobi daraja la kawaida ni 1,500; ukipandia Mariakani inapungua kidogo. Kata tiketi mapema kwa simu, na kitambulisho unachokatia ndicho utakachobeba. Mjomba alikuwa amebeba hicho na kingine ambacho sikukijua.

Kwenye ukaguzi wa mizigo mlinzi akatoa chupa ya soda ya lita moja iliyofungwa kwa gunzi la mhindi. Ilikuwa mnazi. Mjomba hakuwa ameuchukua wa kunywa. Alitaka kuumwaga huko tutakakolikuta jina. Mlinzi, kijana wa kwetu kwa lafudhi yake, alinusa, akacheka, akarudisha gunzi. "Mzee, hii ikishachachuka vizuri itatulipukia hapo Voi." Aliita bodaboda aliyetuleta akampa chupa airudishe nyumbani. Hakutaka hata shilingi. (Jioni nilipiga simu. Chupa ilifika nusu.) Unga wa mahindi alioufunga kwenye kitambaa waliuacha.

Kutoka hapo ni nyika tupu hadi Tsavo. Mjomba alivikazia macho vichaka akaniuliza kama ndiyo njia waliyopitishwa. Nikamwambia ninalolijua: Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na kwa zaidi ya mwaka mzima vikosi vyao vidogo vilikuwa vikivuka pori hili kwa miguu kuja kulipua reli ya Uganda. Waingereza wakajenga reli ya vita kutoka Voi kuelekea Maktau. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walijaribu kukiteka kilima cha Salaita wakatimuliwa. Mwezi uliofuata jeshi likapenya hadi Tanganyika, likaanza kuwafukuza Wajerumani kusini, mbali na reli, mbali na barabara, kwenye mbung'o wanaoua farasi na ng'ombe. Hapo ndipo chakula na risasi zikapanda vichwani mwa watu.

"Kwa hiyo walikuwa punda," Mjomba akasema, akafungua mahamri na mbaazi.

Syokimau saa nane hivi. Ukishuka usikimbilie teksi: treni ndogo ya kuingia mjini inasubiri hapo hapo, tulilipa shilingi 50 kila mmoja. Chumba cha vitanda viwili maeneo ya Accra Road, 1,800 kwa usiku. Maji ya moto yaliahidiwa ila hayakuonekana siku zote nne. Mjomba alilala na koti.

Siku ya 2, Alhamisi: Nyaraka

Jengo la Nyaraka za Taifa liko Moi Avenue, mkabala na sanamu ya Tom Mboya, na zamani lilikuwa benki. Chini ni maonyesho ya sanaa na vitu vya kale ya Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais, juu ndiko kwenye mafaili. Unajiandikisha, unalipa ada ndogo, unaacha mkoba. Nenda na penseli. Mimi nilienda na kalamu ya wino, nikaazimwa penseli na dada mmoja mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa amejifunika shali kama mgonjwa wa malaria. Alipojua tulichotafuta aliacha kazi yake kwa muda wa karibu saa mbili akatuonyesha namna ya kuomba faili za wilaya.

Sitawachosha. Kuhusu sisi Wagiriama kuna mengi. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola, waliotuongoza kuwapinga Waingereza, walipelekwa uhamishoni Kisii wakatoroka wakarudi kwa miguu, na mwaka 1914 ule ule vita vikuu vilipoanza, serikali ikatutia moto huku pwani. Baada ya kushindwa wazee walitozwa faini ya rupia 100,000, na tena watoe vijana 1,000 wa kufanya kazi ya vita. Mjomba aliniomba nirudie mara mbili hiyo elfu.

"Elfu hiyo ina majina?"

Haikuwa nayo. Kurasa tulizofunuliwa siku ile zilikuwa na idadi: waliotakiwa, waliopelekwa, waliotoroka. Mwaka 1917 msako ulipokuwa mkali kuliko yote, watu waliombwa kwa hesabu ya vichwa, wilaya kwa wilaya. Yule dada alitueleza pia habari iliyomwudhi Mjomba kuliko kifo chenyewe. Wengi walikufa mishahara yao haijachukuliwa, na baada ya vita serikali ya Uingereza ilikataa kuitoa fedha hiyo kwa manufaa ya jamii walikotoka, kwa kuwa wenyewe hawakujitokeza kuidai.

"Wajitokeze wapi," Mjomba akasema, "na wamezikwa?"

Chakula cha mchana chapati madondo, 150 kwa wawili, barabara ya nyuma ya Tom Mboya. Mjomba aliyasukuma madondo kando. Maharage yasiyojua nazi, alisema, ni ya hospitali.

Siku ya 3, Ijumaa: Kenyatta Avenue na Nairobi South

Hii ndiyo siku niliyoiandika kurasa saba.

Sanamu ziko pale pale Kenyatta Avenue, na nina hakika nimezipita mara kumi nikiwa chuoni nisizione. Ni watu watatu wa shaba juu ya jiwe: askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza), ambao wazee wetu waliwaita Keya, askari wa kikosi cha Waarabu, na mpagazi. Zilisimamishwa 1928. Maandishi ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na Mjomba akayasoma ya Kiswahili kwa sauti, polepole, kidole hewani kikifuata mistari. Yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Yanamalizia kwa ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako.

Akazunguka jiwe lote. Upande wa nyuma pia. Akarudi mbele.

"Majina yako wapi?"

Nikamwambia hayapo, hili ni la wote kwa pamoja. Waliotumikia Waingereza kama wapagazi wanakadiriwa kufika milioni moja, na waliokufa ni zaidi ya 90,000, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na kichomi. Unga wa mahindi waliopewa hawakuuzoea, na mara nyingi hapakuwa na muda wa kuupika ukaiva.

Alikaa kimya. Halafu akajigonga kifua kwa kidole kile kile cha kusomea. "Mimi hapa ndiye jina. Wameandika watoto watakumbuka. Tumekumbuka. Wao waliahidi kwa niaba yetu, wao wenyewe hawakuandika."

Akafungua kile kitambaa cha unga. Nikaona askari wa kaunti anatukaribia na nikaanza kutafuta maneno, maana kumwaga kitu barabarani katikati ya Nairobi si jambo la kuelezeka haraka. Kijana akauliza mzee anafanya nini. Mjomba akamjibu mwenyewe, "Nampa babu yangu chakula." Askari akamtazama mpagazi wa shaba, akamtazama Mjomba, akasogea hatua mbili akasimama akiwa ametugeuzia mgongo, kati yetu na wapita njia. Chembe chache tu za unga chini ya jiwe, maji ya chupa juu yake, na maneno ya Kigiriama ambayo sikuyasikia yote kwa sababu ya honi. Dakika tatu. Askari alipoondoka alisema tu, "Wangu alikuwa Burma."

Kwa atakayekwenda: fika kabla ya saa mbili asubuhi, mwanga ni mzuri na magari hayajajaa. Ukifuata barabara hiyo hiyo hadi makutano ya Koinange Street utakuta nguzo ya Galton-Fenzi, mzungu aliyeanzisha chama cha wenye magari na akaendesha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa mwaka 1926. Yeye ana jina. Mjomba alilisoma herufi kwa herufi, hakusema neno.

Alasiri tulikwenda makaburi ya Nairobi South. Hapo kuna ukumbusho wa Waingereza na Wahindi wa vita vile vile ambao makaburi yao hayajulikani, na majina yao yamechongwa. Kwa hiyo kutojulikana ulipozikwa hakukuwa sababu ya kutoandikwa. Nilikuwa nimelisoma hili kabla ya safari. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi: waliokufa katika vita ya kwanza wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakuandikwa majina au hawakuwekewa ukumbusho wowote, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Kusoma ni kitu kimoja. Kusimama na mzee mwenye jina mwilini mwake mbele ya majina ya watu wengine ni kingine. Hatukukaa sana.

Siku ya 4, Jumamosi: Ngong Road, Kariokor, Burma

Asubuhi matatu ya 111 kutoka Railways. Ilikuwa inanyunya, na utingo akapandisha nauli kutoka 80 hadi 150 tukiwa tayari ndani. Mvua Nairobi ina bei yake. Kijana mmoja mwenye begi la gitaa alimpisha Mjomba kiti cha mbele, na tulipofika nikakuta ameshamlipia. Sikupata hata kumshukuru vizuri.

Makaburi ya Vita ya Nairobi yako ukipita Dagoretti Corner, upande wa msitu. Nyasi zimekatwa kama zulia. Ni ya vita ya pili, watu karibu 2,000, na hapa Mwafrika ana jiwe lake kama mwingine, lenye namba, jina, msalaba au maandishi ya Kiislamu. Mashada ya maua mekundu ya ibada ya Novemba ya kuwakumbuka waliokufa vitani yalikuwa bado yapo, yamelowa. Mtunza bustani aliweka reki chini akatutembeza bila haraka.

Kuna ukumbusho wa wasio na kaburi, wakiwemo waliozama na meli Khedive Ismail. Hiyo nilikuwa siijui, na ilitoka kwetu, Kilindini, mwanzoni mwa Februari 1944, ikielekea Ceylon na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 manowari ya Wajapani ikaipiga karibu na Maldives. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa karibu 1,300. Mjomba alihesabu mistari hadi akachoka. Nikamwonyesha tarehe: 12 Februari, kama Salaita. "Waambie watu wasisafiri siku hiyo," akasema, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akitania tangu Ijumaa.

Mchana tukarudi mjini, tukashuka kwa miguu Racecourse Road hadi Kariokor. Nimekulia nikisikia Kariakoo na nikidhani ni ile ya Dar es Salaam peke yake. Zote mbili ni Carrier Corps, jina la kikosi cha wapagazi lililopita midomoni mwa watu likatoka na sura mpya. Kambi yao ilikuwa hapa. Sasa ni soko: vyondo, ngozi, shanga, moshi wa nyama choma, na nyundo. Nyundo zaidi ya yote, kwa sababu hapa ndipo panaposhonwa akala, viatu vya matairi.

Mjomba alisimama mbele ya fundi mmoja akawa haondoki. Fundi alikuwa amelibana tairi la lori kwa magoti, analikata kwa kisu kifupi anachokichovya kwenye kopo la maji kila baada ya inchi mbili. Maji ndiyo siri, alituambia. Raba kavu hushika kisu. Mkato ukifika kwenye waya anageuza ubao, anakata kwa upande wa pili. Kisha misumari midogo, mikanda minne, mmoja nyuma ya kisigino.

"Namba ngapi, mzee?"

"Si zangu."

"Za nani sasa?"

Mjomba akafikiri. "Kata kama mguu wangu." Akavua kiatu chake, akauweka mguu juu ya raba, fundi akauchora kwa chaki. Akiwa anapigilia akauliza zinakwenda wapi, nami nikamweleza kwa kifupi: mtu alipita hapa miaka mia moja na zaidi iliyopita, au kambi nyingine kama hii, akatembea hadi Kilwa na mzigo wa kilo kama 25, inavyosemekana bila viatu. Fundi alisimamisha nyundo. Alikuwa amefanya kazi pale miaka 19 na hakuwa amejua jina la soko lilitoka wapi. Akamwita wa jirani aje asikie. Yule wa jirani alilijua, tena akaongeza kwamba tusiondoke Nairobi bila kula Burma, maana Burma nayo ni vita.

Tukaenda. Burma ni soko la nyama kando ya Jogoo Road, karibu na Kaloleni ya Nairobi. Wenyeji husema jina lililetwa na waliorudi kutoka Burma, nako ndiko Keya wa babu zetu walikopelekwa: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya kifaru, iliteremka bonde la Kabaw katikati ya masika ya 1944 ikiwasukuma Wajapani, ikaingia Kalewa mwanzoni mwa Desemba na kuuvuka mto Chindwin. Kwa hiyo mji huu umeviandika vita viwili kwenye masoko mawili. Nusu kilo ya mbavu, ugali na kachumbari, 520. Mzee wa meza ya jirani alisikia tunazungumza, akatuambia baba yake alirudi Burma na blanketi, koti na redio masikioni, maana yake kelele isiyozima. Alitulipia soda.

Ushauri: Jumamosi mchana Burma imejaa, agiza nyama ndipo utafute kiti.

Siku ya 5, Jumapili: kurudi

Treni ile ile, upande wa pili wa dirisha. Mjomba alilala kutoka Emali hadi Voi, mfuko wa akala mapajani.

Jumla yetu wawili: nauli zote 7,200 na vichele, malazi 7,200, chakula na maji karibu 4,000, nyaraka na nakala chini ya 1,000. Kwa mwenye kutafuta mtu wake, nendeni na kila mlicho nacho: jina la kijiji, la mzee wa mtaa wa zamani, la mtu aliyerudi. Tume ya makaburi imekuwa ikishirikiana na Jeshi la Ulinzi la Kenya kupekua kumbukumbu za zamani kutafuta majina ya Waafrika, kwa hiyo mlango haujafungwa. Sisi tumeandika letu kwenye barua, na Mjomba ameweka dole gumba juu ya sahihi ili wasiseme haikutosha.

Mnazi mpya uligemwa Jumatatu. Kitambaa cha koma kimebadilishwa. Akala zimewekwa pale chini usiku mmoja, halafu Mjomba akazichukua kwa kuogopa fisi na watoto.

Juzi nilimpigia simu kumuuliza bei ya akala nisikosee kuandika. "Mia nne," akasema. "Lakini andika pia alianza na mia tano na hamsini, na aliposikia ni za nani akashusha mwenyewe."